Rejeta inavuja: ipi unaziba mwenyewe nyumbani na ipi unajisumbua bure

Wakuu, kabla hujakimbilia dukani kununua gundi ya chuma, fungua boneti (gari ikiwa imepoa, hili nitalirudia mpaka mchoke) afu angalia lile tangi jeusi la plastiki lililoko juu ya rejeta, kwenye gari zingine matangi yapo pembeni kushoto na kulia. Washa tochi ya simu. Mara nyingi utakuta kwenye plastiki yenyewe pameandikwa PA66-GF30 kwa herufi ndogo. Hiyo ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo asilimia 30, ndo inayobeba maji yako ya moto kila siku. Wengi tunajua rejeta ni bati tupu, kumbe kwenye gari ndogo za sasa katikati ni alumini na huku na huku ni plastiki, na hivyo vitu viwili havijachomelewa popote, vimebanwa tu. Kuna mpira umelala kwenye mfereji, tangi limekaa juu yake, halafu meno madogo ya alumini yamekunjwa kuzunguka pande zote kulishikilia. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Naanza na hilo kwa sababu mtu akikuuliza "rejeta yangu inavuja nifanyeje" huwezi kumjibu mpaka ujue inavuja wapi. Ikivuja kwenye mrija wa alumini, yaani pale katikati, unaweza kuiziba nyumbani na ikakaa. Ikivuja kwenye ule mkunjo wa meno unaweza kubadilisha mpira ukiwa na subira. Ikipasuka plastiki, mi nasema usijisumbue, na sababu nitaieleza chini huko maana najua watu watanibishia.

Zile rejeta za zamani za shaba ni habari nyingine kabisa. Landrover za zamani, malori, matrekta, zile unalehemu. Risasi ya kulehemu inayeyuka kwenye nyuzi 190 hivi na inashika shaba vizuri sana ukishaisafisha na kuipaka dawa yake, na wazee wa Gerezani pale Ilala wamelea familia kwa kazi hiyo, na jiko la kupuliza na pipa la maji la kupimia. Ila alumini haishiki lehemu ya kawaida. Ukiikwangua tu, hapohapo hewa inaitengenezea utando mwembamba juu yake na lehemu inateleza. Zipo fimbo maalum za kuunga alumini kwa moto wa gesi, lakini zinataka joto la nyuzi 400 hivi, na wewe unaunga sentimita chache kutoka kwenye plastiki na mpira, na bati lenyewe la mrija ni jembamba hatari. Unaziba tundu moja unafungua matatu. Mwenye mashine ya kuchomelea alumini na mkono uliotulia sawa, ampelekee. Nyumbani hapana.

Sasa hii ya juzi ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana Toyota IST aliyoinunua mkononi mwa mtu, na huyo mtu AC ilishamfia zamani akaitoa kondensa (kipoozeo cha AC) kabisa asibebe mzigo. Sasa kondensa ndo inakaaga mbele ya rejeta, ikitoka rejeta inabaki kifua wazi. Kwenye foleni ya barabara ya Mandela akagusa nyuma ya pikapu, kugusa tu, pikapu yenyewe ina ile ndoano ya kuvutia tela. Bampa la plastiki likabonyea likarudi lenyewe, akashuka akaangalia akaona mkwaruzo kidogo, wakasameheana pale akaenda zake. Asubuhi yake simu.

"Shem, gari inakojoa."

"Rangi gani?"

"Kama maji tu."

Hapo nikajua mawili, kwanza rejeta, pili jamaa anaendesha na maji ya bomba. Hakuna kulanti (yale maji maalum ya rejeta yenye dawa) humo ndani. Ukiona tone la kijani, la pinki au jekundu lenye utelezi na kaharufu katamu hiyo ni kulanti (ila jekundu angalia isije ikawa oili ya giaboksi, ishike kwa vidole uone uzito wake), tone la maji safi lililoko upande wa abiria mara nyingi ni AC na halina shida, na kama chini pakavu lakini maji yanapungua na kapeti ya mbele ndani imelowa basi inayovuja ni ile rejeta ndogo ya hita nyuma ya dashibodi, hiyo muachie fundi, kuifikia tu ni kubomoa dashibodi nzima.

Nikamwambia asiiwashe, nakuja. Na hili ndo la kwanza kuliko yote, usiendeshe "mpaka kwa fundi hapo mbele tu". Injini za hizi gari zetu kama 1NZ ya Toyota hedi (kile kichwa cha juu cha injini) ni alumini na bloku ni alumini, ikichemsha sawasawa hedi inapinda, gasketi iliyoko kati yake na bloku inaungua, na hapo ulikuwa na shida ya tundu moja sasa una shida ya injini. Halafu gari nyingi ndogo kama Passo na Vitz hazina hata geji ya joto, kuna taa ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu ikizidi joto, katikati hapo huna taarifa yoyote. Tena maji yakiisha kabisa ile sensa inaweza kuwa imekaa kwenye hewa tu isisome joto la kweli, taa inachelewa kuwaka na injini inaungua kimyakimya.

Kutoa rejeta kwenye IST sio kazi ya kutisha. Spana namba 10 na 12, bisibisi, plaizi ya kubania klipu za mipira, beseni kubwa. Gari iwe imepoa kiasi cha kushika mpira wa juu kwa mkono bila kuondoa mkono. Mfuniko wa rejeta angalia juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha inayoishikilia, na chini ya presha hiyo maji hayachemki kwenye 100, yanafika karibu 120. Kwa hiyo ukifungua ikiwa ya moto presha inaondoka ghafla na sehemu ya yale maji inageuka mvuke kwa mpigo mmoja, inayarusha mengine usoni kwako. Makovu ya namna hiyo yapo mengi mtaani, muulize fundi yeyote mzee akuonyeshe mkono wake.

Chini ya rejeta kuna kizibo cha kumwagia, cha plastiki, kifungue kwa vidole usikikaze na plaizi kitakatika. Kama ni kulanti inatoka ikinge yote, usiiache kwenye beseni nje, ile kitu ni tamu na ni sumu, mbwa na paka wanailamba wanakufa, na mtoto pia hajui. Kisha toa mpira wa juu, mpira wa chini, soketi ya feni, feni yenyewe inatoka na fremu yake. Kama gari ni otomatiki angalia chini utakuta mipira miwili myembamba inaingia kwenye rejeta, hiyo ni ya oili ya giaboksi inayokuja kupoozwa humo humo. Andaa vizibo kabla hujaichomoa maana oili haisubiri. Mipira ya zamani ikigoma kuchomoka usiivute kwa hasira, shingo ya rejeta ni ile plastiki niliyokwambia na miaka 15 ya joto imeifanya iwe kavu, inakatika kirahisi. Zungusha kwanza kushoto kulia ilegee, ikigoma kabisa kata mpira, mpira ni rahisi kuliko rejeta.

Tukaitoa, tukaiweka kwenye turubai barazani. Kwa macho uliona tu palipobonyea, kama upana wa vidole viwili, vile vibati vyembamba vya katikati vimelala na mrija mmoja umeonyesha kamstari. Lakini macho yanadanganya, unaweza kuziba hapo ukakuta kuna pengine. Lazima upime. Mi napima hivi: nakata vipande vya mpira wa zamani, kimoja nakiziba na kipande cha mti kilichochongwa kikabana, nakifunga kwenye shingo ya chini kwa klipu, kingine naziba vilevile lakini katikati ya mti natoboa napitisha nozo ya tairi ya baiskeli, naufunga juu. Mfuniko wa rejeta unabaki mahali pake, na kale kamrija ka kwenda kwenye chupa ya akiba nakaacha wazi kwa sababu presha ikizidi mfuniko wenyewe ndo utaachia hapo. Afu rejeta inazamishwa kwenye beseni kubwa la kufulia, unapampu taratibu na pampu ya baiskeli. Sio kompresa ya gereji! Kompresa inaweza kulitoa tangi kwenye meno kabla hujakaa sawa. Mwisho 15 psi kama mfuniko ni wa 1.1, au 13 hivi kama ni wa 0.9, ukifika hapo inatosha, hiyo ndo presha inayoshikiliwa na mfuniko. Kama huna beseni la kuenea paka povu la sabuni.

Mapovu yakatoka pale palipobonyea, na mengine madogo sana yakatoka mrija wa jirani ambao kwa macho ulikuwa mzima. Shemeji akashangaa. Nikatia alama kwa chaki ya fundi cherehani.

Wakati tunasubiri rejeta ikauke mzee wetu jirani akapita, amestaafu, ameendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Shikamoo, marahaba, mnafanya nini vijana, tukamweleza. Akacheka akasema sisi tunapoteza muda, yeye enzi zake akipasua rejeta pale Kitonga anavunja mayai mawili anatia ndani, au bizari, anapanda mlima anafika Iringa anapiga mswaki analala. Na mimi sibishi, simuiti muongo. Yai likiingia kwenye maji ya moto linaganda, na pale linapotokea tundu linasukumwa na presha linajiziba. Inafanya kazi kweli. Ila mzee alikuwa anaongelea rejeta ya shaba ya lori, mirija mipana, na akifika Iringa fundi anaifungua anaichokoa kwa waya anaisafisha. Mirija ya hii ya IST ni myembamba, wengi wao uwazi wa ndani haufiki hata milimita 2, na lile yai halijui kuchagua kati ya tundu la kuvuja na njia ya kupita maji. Linaziba popote. Linaziba rejeta ya hita, linaziba katundu ka hewa kwenye thamostati (kile kizibo kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), linabaki humo linaoza. Hizi poda na chupa za dukani za kuzibia nazo mi naziweka kundi hilohilo, nafuu kidogo kuliko yai lakini kundi moja. Upo Mikumi usiku, simba wanakusikia, tia chochote ufike. Umefika, isafishe yote na uzibe kihalali. Tatizo watu wanatia poda Januari, gari inaacha kuvuja, wanasahau, Juni inaanza kuchemsha kwenye foleni na hakuna anayekumbuka poda.

Turudi kwenye kuziba. Mrija uliotoboka una njia mbili. Ya kwanza ni gundi ya chuma ya sehemu mbili, ile unachanganya nusu kwa nusu, na pakiti isome, tafuta iliyoandikwa inastahimili zaidi ya nyuzi 120, zile za bei ya chini nyingi zinaishia pungufu ya hapo na zitalainika. Kazi yote ya gundi ni maandalizi. Vile vibati pembeni ya tundu unavitoa kwa plaizi yenye mdomo mwembamba, sentimita mbili kila upande mpaka mrija ubaki uchi, unapiga brashi ya waya, unapiga msasa mpaka alumini ing'ae na iwe na mikwaruzo, unafuta na tina au asetoni kwa kitambaa safi, usiguse tena kwa kidole maana kidole kina mafuta, kisha upake hapohapo kabla ule utando haujawa mnene. Isukume iingie nyuma ya mrija pia, sio mbele tu kama unapaka siagi. Afu uache. Wengi hapa ndo wanaharibu, pakiti imeandika saa 24 mtu anaona imekauka juu baada ya saa moja, anatia maji anawasha. Ikilala usiku mmoja na mchana wa jua la Dar inakuwa imeshika, na usiipime kabla.

Ya pili ni kuua mrija. Ukiwa umechanika vibaya unaukata palipoharibika, ncha zote mbili unazikunja na plaizi mara mbili uzibane kabisa, na juu yake unapaka ile gundi. Huo mrija haupitishi tena maji. Rejeta ina mirija makumi, ikipoteza mmoja au miwili gari haijui. Ikifika minne mitano hapo unaanza kujidanganya, mchana wa joto kwenye foleni utaona. Kwa shemeji ule uliogongwa tuliuua, wa jirani tukaupaka gundi.

Kuhusu meno. Kama uvujaji upo pale plastiki inapokutana na alumini, unaona mstari mweupe au wa kutu kavu, basi mpira umekufa. Unachukua bisibisi bapa, unafungua jino moja moja kidogo kidogo, usilinyooshe kabisa, lifungue kiasi tangi litoke tu. Alumini haipendi kukunjwa mara nyingi, jino moja ukilikunja na kulinyoosha mara mbili tatu linakatika, na likikatika hakuna spea. Safisha mfereji, mpira mpya wa saizi yake (sio silikoni peke yake, silikoni inasukumwa nje na presha), rudisha tangi, anza kukunja meno ya kona kwanza kisha ya katikati, kulia kushoto, juu chini, tangi likae sawa. Hii ni kazi ya asubuhi nzima na inaumiza vidole, ila inaokoa rejeta.

Na ile plastiki iliyopasuka? Nailoni haishikani na gundi vizuri, halafu inapanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima, gundi haipanuki kwa kiasi kilekile, kwa hiyo pembeni inaachia taratibu. Wapo wanaopasha nyaya za chuma wakazizamisha kwenye ufa kama pini za kuunganishia bampa, afu wakapaka gundi juu. Kwenye bampa sawa, bampa halina presha. Na ufa kwenye tangi kuukuu mara nyingi ni dalili kwamba plastiki yote imechoka, iangalie rangi, ikishakuwa ya kahawia badala ya nyeusi na ukiikwangua na kucha inatoka unga, ukiziba hapa itapasuka pale. Nunua rejeta. Ukinunua yuzdi pale Kariakoo au Ilala fanya vilevile, angalia rangi ya plastiki, chungulia ndani kwenye shingo na tochi uone mirija kama ina kutu au utando mweupe, na muombe muuzaji aipime kwenye maji mbele yako, akikataa nenda duka la pili.

Huo utando mweupe ni wa maji tunayotia. Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, unayaonja tu mdomoni, na mtu anayatia kwenye rejeta miaka mitatu. Chumvi inakula alumini kwa ndani, na chokaa inajijenga kwenye kuta za mirija, joto linashindwa kutoka. Kulanti sio urembo na wala sio kitu cha nchi za baridi tu kama tunavyodanganyana. Kuzuia maji yasigande ni kazi yake moja (na hata hiyo, nenda Makete au Kitulo mwezi wa 6 na wa 7 uone baridi yake asubuhi), kazi yake nyingine ni dawa za kuzuia kutu na kulinda pampu ya maji, na inapandisha kiwango cha kuchemka pia. Changanya na maji yaliyotolewa chumvi na madini yale wanauza kwa ajili ya kuongezea betri, nusu kwa nusu, ila soma chupa, kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri na zinakaa rafu moja, na muuza duka mwingine zote anaziita maji ya betri. Huna kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima.

Kabla ya kurudisha rejeta tuliipima tena kwenye beseni, hakuna povu. Nikamsafishia na ndani kwa siki na maji, ikakaa nayo, ikasuuzwa mpaka maji yakatoka meupe. Vibati vilivyolala tukavinyoosha kwa kisu butu, kazi ya kumpa mtoto wa likizo, anaipenda.

Sasa tulipofungua upande wa injini nikakuta kitu nilichotegemea kukikuta. Thamostati hakuna. Imetolewa. Yaani ukienda gereji nyingi hapa mjini gari inachemsha jibu la kwanza ni "toa thamostati, hii ni nchi ya joto haina kazi". Na feni imeungwa dairekti, ukiwasha gari inazunguka muda wote. Mi hii kitu inanikera sana. Thamostati nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifanya injini ifike joto la kazi haraka na ikae hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, unakunywa petroli bila sababu, oili inachafuka upesi, giaboksi ya otomatiki inagoma kuingia gia ya juu mapema. Halafu kubwa zaidi, kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili chini yake, injini ikipata moto kinafunga ile njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukitoa thamostati njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kwenda kupoozwa. Kwa hiyo gari iliyotolewa thamostati ili isichemshe, ukiibebesha mzigo na mlima, ndo inachemsha. Tukanunua mpya, kale katundu kenye kipini tukakaweka juu ndo hewa inapotokea.

Kujaza nako watu wanakosea. Usimimine kwa haraka, mimina taratibu, mfuniko wazi, minya minya mpira wa juu uone mapovu yanavyotoka. Washa gari, weka hita kwenye moto wa mwisho ili na rejeta ya hita ijae, acha inangurume imesimama, maji yatashuka ghafla thamostati ikifunguka, ongeza, subiri mpaka feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe. Feni ikishawaka na kuzima mara mbili bila mapovu kutoka funga mfuniko, jaza chupa ya akiba mpaka mstari. Gari ndogo kama hii inachukua kama lita 5 hivi kwa jumla, ukiona umetia lita 3 ikajaa ujue huenda kuna hewa imejificha. Feni ya shemeji nayo tuliirudisha kwenye waya wake wa sensa, tatizo lilikuwa soketi imeota kutu, brashi na dawa ya kusafishia soketi ikapona. Mtu aliona afadhali kukata waya.

Mfuniko usiudharau. Una springi na raba mbili, moja inashika presha na nyingine inaruhusu maji yarudi kutoka chupa ya akiba gari ikipoa. Asubuhi ukikuta mpira wa juu umenyonyeka umebonyea kwa ndani, hiyo raba ya pili imekwama, badilisha mfuniko, na ununue wa namba ileile, sio 1.1 badala ya 0.9 kwa kuwa "una nguvu zaidi", nguvu hiyo inaenda kupasua plastiki.

Siku za mwanzo nilimwambia kila asubuhi kabla ya kuwasha aangalie chupa ya akiba, aangalie chini, na achomoe kijiti cha oili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, hapo ni gasketi na sio rejeta tena. Na kwa otomatiki aangalie oili ya giaboksi vilevile, ikigeuka pinki ya mawingu maana yake kile kipoozeo kilichoko ndani ya rejeta kimetoboka, oili na maji vimechanganyika, hiyo rejeta tupa siku hiyohiyo, usiizibe, na oili yote ya giaboksi uimwage. Mpaka sasa chupa yake ipo kwenye mstari na gundi haijatoa hata unyevu, amekwenda nayo Chalinze na kurudi. Kilichobaki ni kondensa, nimemwambia kama hataki AC basi aweke hata wavu wa chuma mbele pale nyuma ya shoo (zile nafasi za kuingizia hewa usoni mwa gari), wa matundu makubwa hewa ipite, anasema mwisho wa mwezi.